Gurudumu la Nyuma Kushoto

Siku zisizo za shule, Chiriku aliamshwa na lango la bati. Baba yake alilifungua mapema, chai ikiwa bado haijachemka, na lango lile lilipiga kelele utadhani linaonewa. Chiriku alinawa uso, akavaa ovaroli iliyokunjwa miguuni na mikononi, akachukua fagio na kuingia karakana.

Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alizungumza akila, alizungumza akifagia, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini alikuwa akizungumza. Baba yake, ambaye watu walimwita Fundi, alikuwa kinyume chake kabisa. Mama alipenda kutania kwamba siku ya kugawa maneno mume wake alichelewa, na fungu lake lote akapewa binti.

Karakana ilikuwa uani: paa la mabati, sakafu ya saruji iliyokolea mafuta, mashine ya kujazia upepo iliyokoroma kama mzee aliyeshiba, na matairi yaliyopangwa ukutani hadi darini. Fundi hakutengeneza injini wala taa. Kazi yake ilikuwa magurudumu tu, na kwa magurudumu hakuwa na mchezo.

Kazi za Chiriku zilikuwa kufagia, kupanga nati ndani ya vikopo, na ile aliyoipenda kuliko zote, kushika kalamu ya rangi ya njano. Fundi alikuwa na spana ndefu ya kipimo. Alipokaza nati ya gurudumu kwa spana ile, nati ikishafikia nguvu inayotakiwa, spana ililia "tak!" Hapo Chiriku aliinama na kuchora mstari mdogo wa njano, kuanzia kwenye nati hadi kwenye rimu. Nati ikilegea baadaye, mstari unakatika, na hata mtu asiyejua kitu ataona.

"Kichwa changu mimi kinavuja," Fundi alimwambia siku alipomkabidhi kalamu. "Simu zinalia, wateja wanaingia, malori yanapiga honi. Siwezi kukumbuka nati ipi nimekaza na ipi bado. Alama ndiyo inayonikumbusha. Kwa hiyo rangi haigusi nati kabla hujasikia tak. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Baba."

Palikuwa na sheria nyingine katika karakana ile. Aliyeweka alama ndiye aliyepanda gari kwenye jaribio la kwanza. "Kama huwezi kukaa juu ya kazi yako mwenyewe," Fundi alisema, "usiniwekee alama." Kwa sheria hiyo Chiriku alikwisha kupanda teksi, gari la kusambaza mikate, na hata gari la kubebea ng'ombe, ambalo alishuka akinuka hadi mama yake akamkataza kuingia ndani.

Lakini gari la michezo alikuwa hajawahi kupanda.

Lilikuwa la daktari wa meno, mwanamume mnene mwenye kicheko kikubwa. Lilikuwa jekundu, fupi, lenye viti viwili tu, navyo vyekundu, na lilikaa chini sana kiasi kwamba daktari alipotoka ilimbidi ajivute kama mtu anayetoka kisimani. Chiriku alilipenda tangu siku ya kwanza lilipoingia uani.

"Fundi, gari hili linanitia aibu," daktari alilalamika siku ile. "Mvua ikinyesha kidogo tu, nikikata kona linatupa mkia. Juzi nusura niingie dukani kwa muuza vitambaa bila kupiga hodi. Nataka matairi mapana ya nyuma."

Fundi alilala chini ya gari na tochi, akapima kwa vidole nafasi iliyokuwapo kati ya tairi na springi, kisha nafasi ya upande wa nje, hadi kwenye mdomo wa madigadi. "Tairi pana si kofia, Daktari," akasema alipotoka. "Huvalishi tu ukaenda zako. Likiwa pana kupita kiasi litasugua bodi kila ukipita shimo. Na rimu pana inataka nati zake."

Kwa hiyo rimu mpya ziliagizwa, na nati zake ndefu zinazong'aa. Siku rimu zilipofika, Fundi alianza kazi kabla jua halijapanda. Alivua magurudumu yote manne, kwa kuwa ya mbele nayo yalihitaji kusafishwa. Alipoyafunga yale mapana ya nyuma alimkalisha Chiriku juu ya buti na kumwamuru aruke-ruke, gari lishuke na kupanda, huku yeye amechuchumaa akitazama kama tairi linagusa bodi. Halikugusa. Chiriku aliruka zaidi ya alivyoambiwa, na alizungumza muda wote.

"Inatosha," Fundi akasema. "Gari la watu hilo."

Kila nati alikuwa ameshaizungusha kwanza kwa vidole, akaibana kidogo kwa spana fupi ili gurudumu likae sawa, kisha akalishusha gari kutoka kwenye jeki. Sasa ilibaki kukaza kwa kipimo. Alianza na la mbele kushoto. Tak, tak, tak, tak, tak. Chiriku akachora. La mbele kulia. La nyuma kulia. Kila tak ilimsogeza Chiriku karibu na kile kiti chekundu cha abiria.

Fundi alizunguka hadi kwenye gurudumu la nyuma kushoto, akapiga goti, na hapo hapo honi ya lori ikalia nje ya lango. Ilikuwa honi ya kukera, isiyotaka kunyamaza. Dereva wa lori la mchanga alikuwa amepasukiwa tairi katikati ya barabara, na magari yalikuwa yamejipanga nyuma yake huku madereva wakimpa maneno yasiyofaa kusikilizwa na mtoto.

"Usiguse kitu," Fundi alimwambia Chiriku. Akaiweka spana sakafuni na kutoka mbio.

Alichelewa kurudi. Chiriku alikaa akichezesha kalamu mkononi. Mara daktari wa meno akaingia, amevaa miwani ya jua na shati jipya, kama anayekwenda harusini.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, fundi mdogo! Lo, limependeza! Hebu tazama miguu hiyo ya nyuma! Mmemaliza?"

Fundi mdogo. Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Chiriku alijisikia amerefuka ghafla.

"Tumeshamaliza," alisema. "Bado alama tu."

Akainama kwenye gurudumu la nyuma kushoto, na kwa mkono usiotetemeka hata kidogo akachora mistari ya njano, nati baada ya nati, huku akimweleza daktari maana ya kila kitu kama mwalimu mbele ya darasa. Ilikuwa mistari mizuri, iliyonyooka. Baba akirudi, alijiambia, nitamweleza kwamba hili bado, atalikaza, na mambo yataisha.

Fundi alirudi akitiririka jasho, mikono imejaa tope la lori. Alimwamkia daktari, akaokota spana, akapiga goti kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Akaona njano. Akakunja uso kidogo.

"Ah," akasema. "Kumbe hili nilishalimaliza."

Chiriku alifungua mdomo. Ilikuwa rahisi kabisa: Bado, Baba. Maneno mawili tu. Lakini daktari alikuwa amesimama pale, yule aliyemwita fundi mdogo. Angesema bado, angeonekana mwongo hapo hapo, na kile kiti chekundu kingempita. Akafumba mdomo.

"Alama zako zimenyooka," Fundi akasema, na hilo kwake lilikuwa kama hotuba. "Haya, panda. Daktari, mpira mpya unateleza. Nenda polepole hadi kwenye tangi la maji, ugeuke, urudi. Nami niko na lori hapo nje."

Mlango ukafungwa. Mkanda ukambana Chiriku kifuani. Injini ikanguruma chini ya miguu yake, na gari likatoka langoni.

Ile furaha aliyoisubiri haikuja. Alijaribu kujituliza. Baba alizibana kwa spana fupi. Zimeshika. Ni hapo tu, hadi kwenye tangi. Kisha alikumbuka siku Baba alipomwonyesha rimu iliyopasuka matundu, akamwambia, "Gurudumu lililolegea halikupi taarifa. Linatoka tu."

"Mbona kimya?" daktari akauliza. "Nimeambiwa nitembee na chiriku, kumbe nimepakia samaki?" Akacheka mwenyewe.

Chiriku alijaribu kucheka, akashindwa.

Walipita shule. Walipita duka la dawa, kisha kituo cha mafuta. Daktari aliendesha taratibu kama alivyoagizwa, akisifu jinsi gari lilivyotulia kwenye kona. Chiriku hakusikia sifa. Masikio yake yote mawili yalikuwa nyuma, upande wa kushoto, chini ya sakafu. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Basi alianza kupata nafuu, akapumua.

Ndipo akasikia.

Tik.

Ilikuwa ndogo, kama kucha inayogonga kikombe. Gari likatambaa kidogo. Tik. Tena. Tik.

"Umesikia?" daktari akauliza. "Kijiwe hicho. Matairi mapya yana mifereji mirefu, hubeba vijiwe. Kitatoka chenyewe."

Sema, Chiriku alijiambia. Sema sasa. Lakini ulimi ulikuwa umeganda. Yeye aliyezungumza hata usingizini hakuweza kupata neno moja. Aliona uso wa Baba yake akisikia habari hii, akaona ile kalamu ikichukuliwa mkononi mwake, akafumba macho. Alipoyafumba ilikuwa vibaya zaidi, kwa sababu aliliona gurudumu.

Tangi la maji lilitokea mbele, juu ya kilima. Pale ndipo walipotakiwa kugeuka. Daktari hakupunguza mwendo.

"Siku njema kama hii tugeuke hapa?" akasema. "Tuteremke hadi darajani. Mteremko ule ndio uliokuwa ukinitupa. Nataka kuona adabu yake leo."

Chiriku aliujua mteremko ule. Ulikuwa mrefu, wenye kona mbili, na chini kabisa, kabla ya daraja, watu walivuka kwenda sokoni na kurudi. Akina mama wenye mizigo, watoto, wazee wasioona vizuri. Gari likafika kileleni. Pua yake nyekundu ikaanza kuinama. Sauti ya nyuma ikabadilika, haikuwa tik tena, ilikuwa gu-gu-gu, na kiti kikaanza kumtikisa mgongoni.

"Simama," akasema. Hata yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake.

"Nini?"

"Simama! Daktari, simama! Simamisha gari!"

Alipiga ukelele hadi koo likamuuma. Daktari alishtuka, akakanyaga breki taratibu, na Chiriku baadaye alimshukuru Mungu kwamba hakuzikanyaga kwa nguvu. Gari liliyumba nyuma kama mtu aliyejikwaa, likaburuza, likasimama pembeni mwa barabara, tairi moja la mbele kwenye nyasi. Bonde lote lilikuwa chini yao, na watu wadogo-wadogo walikuwa wakivuka daraja bila hili wala lile.

Daktari alijivuta nje, akazunguka nyuma. Chiriku akamfuata.

Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limeinama kidogo upande wa juu, kama mtu anayesikiliza. Mistari ya njano, ile mizuri iliyonyooka, ilikuwa imekatika. Nusu ya mstari ilikuwa kwenye rimu, na nusu nyingine, kwenye nati, ilikuwa imegeukia mbali. Daktari aligusa nati moja kwa kidole. Ikazunguka bila ubishi. Nati zilikuwa nne. Mahali pa ya tano palikuwa na boliti tupu.

Daktari alitazama nati ile, akatazama mteremko, akatazama daraja. Kisha mtu yule mnene mwenye kicheko akaketi chini kwenye nyasi na shati lake jipya, akashika kichwa. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Tungefika pale," akasema polepole. "Tungefika pale chini katikati ya watu."

Chiriku alianza kulia. Daktari akadhani analia kwa hofu tu, akamvuta karibu yake, akampiga-piga begani. Na hofu yake ilipoanza kupoa, hasira ikashika nafasi.

"Baba yako huyu!" akasema, akitoa simu mfukoni. "Miaka yote namsifu kwa watu. Fundi makini, fundi asiyekosea. Leo ananipandisha mimi na mtoto wake mwenyewe kwenye gari lisilokazwa! Alikuwa amelala? Hapana, hili haliishi hivi hivi. Kila mtu mjini atalijua. Hakuna atakayempelekea hata baiskeli!"

Kidole chake kilikuwa kwenye simu. Chiriku alielewa, na kuelewa kule kukamtisha kuliko mteremko. Njia ilikuwa wazi mbele yake. Hakuna aliyemwona. Hakuna aliyemuuliza. Angenyamaza tu, kama alivyonyamaza karakanani, na yote yangemwangukia Baba. Na Baba, kwa kichwa chake kinachovuja, pengine angeamini kwamba kweli ni yeye aliyesahau.

"Daktari," akasema. Sauti ilitoka imekatika-katika. "Si Baba."

"Nini?"

"Si Baba. Ni mimi. Aliitwa na lori kabla hajalikaza. Nikachora alama kabla... kabla halijalia tak. Ulipouliza mmemaliza. Baba alipoona alama akadhani ameshalikaza. Mimi nilijua. Nilijua tangu tunatoka langoni."

Daktari alishusha simu.

"Ulijua," daktari akasema, "ukapanda?"

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Daktari akashusha pumzi. "Mimi nimeng'oa meno ya wanajeshi," akasema, "na wanalia. Lakini sijawahi kuona hofu inayomfanya mtu akubali kukalia kifo chake kuliko kuaibika." Akampa simu. "Mwite baba yako. Umweleze wewe mwenyewe."

Chiriku alimweleza. Kisha Fundi akauliza neno moja tu: "Umeumia?"

"Hapana, Baba."

"Msiliguse gari. Nakuja."

Alikuja na lile lori la mchanga, tairi lake likiwa limeshafungwa, dereva akipiga honi njia nzima. Fundi aliruka kabla halijasimama sawasawa. Hakulitazama gari. Alikwenda moja kwa moja kwa Chiriku, akamshika kichwa, mabega, mikono, kimoja kimoja, kama anayehesabu vyombo baada ya kuhama nyumba. Mikono ile iliyoinua magurudumu ya malori ilimpapasa taratibu, na Chiriku akalia upya.

"Nisamehe, Baba."

"Tutazungumza," Fundi akasema. "Kazi kwanza."

Akamwomba radhi daktari. Akaweka jeki, akalivua gurudumu, akakagua boliti moja baada ya nyingine kwa macho na kwa kucha, akakagua na matundu ya rimu. Yalikuwa salama, gari lilisimama kwa wakati. Akatoa nati mpya mfukoni, akalirudisha gurudumu, akashusha gari, akalikaza kwa kipimo. Tak, tak, tak, tak, tak.

Kisha akafanya jambo ambalo Chiriku hakulitarajia. Alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akafuta alama zote za njano. Si za gurudumu lile tu. Alikwenda la nyuma kulia akafuta, la mbele kulia akafuta, la mbele kushoto akafuta.

"Baba, hayo mengine yalilia tak," Chiriku akasema kwa sauti ndogo. "Niliyasikia yote."

"Najua unasema hivyo," Fundi akajibu. "Lakini sasa nitajuaje?"

Hakusema kwa ukali. Pengine ingekuwa nafuu angesema kwa ukali. Akakaza upya nati zote za gari lile, akachora alama mwenyewe kwa mkono wake usio na ustadi, mistari iliyopinda kama minyoo. Alipomaliza, aliitia kalamu mfukoni mwake.

"Aliyeweka alama ndiye anayepanda," akasema, na akaingia yeye kwenye kiti chekundu. Gari likageuka polepole na kuondoka.

Dereva wa lori alimfungulia Chiriku mlango. "Panda basi, mwanangu. Leo mambo yamekuwa mambo."

"Asante," Chiriku alijibu. "Nitatembea. Kuna kitu nakitafuta."

Alirudi kwa miguu, akiinama pembeni mwa barabara, akipekua nyasi na mchanga. Watu walimuuliza amepoteza nini, akasema nati. Wengine walicheka. Aliiona karibu na kituo cha mafuta, mbele kidogo ya pale alipoisikia ile tik ya kwanza, imelala ndani ya mtaro mkavu. Ilikuwa bado inang'aa, na juu yake kipande cha mstari wa njano, kimenyooka vizuri, kisichounganika na chochote.

Alimkuta Fundi karakanani, amekaa juu ya tairi. Daktari alikuwa ameshakwenda. Chiriku akaiweka nati kwenye kiganja cha baba yake, akabaki amesimama.

Fundi aliigeuza-geuza.

"Kaa," akasema. Chiriku akakaa. "Mimi nina kosa langu. Niliona alama nikaiamini, sikuishika nati kwa mkono. Kuanzia leo nitashika. Lakini wewe nisikilize vizuri, kwa sababu sirudii. Ile njano si rangi, mwanangu. Ni neno lako. Ukiliweka pale, mtu anafunga mkanda na kuwapakia watoto wake, hakuulizi tena. Anaondoka na neno lako. Ukidanganya kwenye gurudumu moja, hujadanganya moja tu. Umeona mwenyewe, ilibidi nifute yote."

Chiriku alifuta machozi kwa mkono wa ovaroli.

"Na kingine," Fundi akaendelea. Ilikuwa siku ya maajabu, alikuwa anazungumza kama binti yake. "Uliogopa nitakugombeza. Ni kweli, ningekugombeza. Ungelia, ungekula, ungelala. Asubuhi ningekuwa na binti. Ule ukweli uliousema kule juu, mbele ya mtu mwenye hasira, ulikuwa mgumu kuliko ule wa hapa. Ukaweza. Basi siku nyingine useme ule mwepesi, mapema, kabla haujawa mgumu."

Kalamu haikurudi mkononi mwake siku ile, wala wiki ile. Chiriku alifagia, akapanga nati, akatazama baba yake akichora minyoo yake ya njano kwenye magurudumu ya watu. Hakuuliza. Halafu asubuhi moja alipoingia karakana aliikuta kalamu inaning'inia kwenye msumari wake ukutani, imefungwa uzi, na mwisho wa uzi ni ile nati yenye nusu ya mstari. Kila alipoishika kalamu, nati iligonga mkono wake.

Haukupita muda mrefu daktari wa meno alirudi kukaguliwa magurudumu, kama ilivyo desturi baada ya kufunga mapya. Fundi alikaza matatu, kisha mama yake Chiriku akamwita ndani. Daktari akasimama mlangoni mwa karakana, amevua miwani, akimtazama yule mtoto aliyechuchumaa na kalamu mkononi.

"Fundi mdogo," akasema. "Mmemaliza?"

Chiriku aliitazama nati iliyoning'inia kwenye uzi. Kisha akainua uso.

"Bado, Daktari," akasema. "La nyuma kushoto bado. Tumsubiri Baba."